Kioo cha jicho kinapolegea: fahamu matibabu ya vitamini na mwanga

Katika miezi ya karibuni sisi wahudumu wa afya wa kujitolea hapa Nakivale tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara. Tunaulizwa bombani, tunaulizwa baada ya ibada, tunaulizwa hata kwenye foleni ya mgawo: je, ni kweli kuna tiba ya macho inayofanywa kwa vitamini na mwanga? Swali lilianza baada ya kijana mmoja kurudi kutoka mjini, ambako ndugu zake walio nje walimlipia matibabu ya jicho moja. Alieleza alivyofanyiwa. Waliomsikia wakawaeleza wengine, na kama ilivyo kawaida ya habari inayopita midomo mingi, ilipofika upande wa Rubondo ilikuwa imegeuka. Sasa kuna wazazi wanaonunua vidonge vya vitamini B dukani, wanawapa watoto wenye macho mabovu, kisha wanawaambia watazame jua la asubuhi.

Jibu la swali ni ndiyo, tiba hiyo ipo, na inafanya kazi. Lakini haifanywi kwa vidonge wala kwa jua, na haitibu kila ugonjwa wa macho. Inatibu ugonjwa mmoja hasa. Mtoto anayetazama jua anaweza kuungua sehemu ya ndani ya jicho bila kusikia maumivu yoyote, kwa sababu sehemu hiyo haina mishipa ya kuhisi maumivu. Atagundua baadaye kwamba katikati ya kila anachotazama kuna doa. Kwa hiyo tunaomba mazoezi hayo yaachwe leo, na wakati yanaachwa, tusome pamoja ukweli wa jambo lenyewe.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Mbele ya jicho, juu ya ile sehemu nyeusi au ya kahawia, kuna utando angavu unaofanana na kioo cha saa ya mkononi. Utando huo unaitwa konea. Katikati una unene wa karibu nusu milimita, yaani ni mwembamba kuliko laini ya simu. Hauna mishipa ya damu, ndiyo maana unapitisha mwanga vizuri. Kazi kubwa ya kukusanya mwanga ili tuone sawasawa inafanywa na konea, na inaifanya kwa sababu ya umbo lake la mviringo. Umbo likiharibika, kuona kunaharibika, hata kama sehemu nyingine zote za jicho ni nzima.

Ndani ya konea kuna nyuzi nyembamba sana za kolajeni, zimepangwa safu juu ya safu. Kila mtu hapa kambini amejenga au amesaidia kujenga nyumba ya miti na udongo, basi mfano wake ni rahisi. Unasimamisha miti, unapitisha fito, halafu unafunga kwa kamba kila zinapokutana. Ukifunga sehemu chache, ukuta unasimama leo na kesho, lakini baada ya mvua mbili tatu unaanza kuvimba kuelekea nje. Miti ipo, fito zipo, ila hakuna kinachozishikanisha. Ndivyo inavyokuwa kwa konea ya mgonjwa. Vifungo kati ya nyuzi ni dhaifu, nyuzi zinateleza, utando unakuwa mwembamba, na maji yaliyo ndani ya jicho yanausukuma mbele kidogo kidogo. Badala ya kuwa mviringo, unachomoza kama pia ya kuchezea watoto. Madaktari wanauita ugonjwa huu keratokonasi. Daktari mmoja wa Liverpool, Uingereza, aliyeitwa John Nottingham, aliueleza vizuri katika kitabu mwaka 1854, kwa hiyo si ugonjwa mpya. Wala haukuletwa na simu, kama wengine wanavyosema.

Mgonjwa anaonaje? Taa moja usiku anaiona kama taa tatu zilizopandana, yenye mikia. Herufi ubaoni zina vivuli. Kwa kawaida jicho moja linatangulia kuharibika, na mara nyingi la pili linafuata. Anapewa miwani, anaona vizuri miezi michache, kisha miwani ile ile haimfai tena. Hapo ndipo shida ya kijamii inapoingia. Mwalimu anasema mtoto ni mvivu, baba anasema miwani imeuzwa au imeharibiwa kwa makusudi, na mtoto mwenyewe anaacha kusema. Katika mtaa ninaouhudumia kuna msichana wa darasa la sita aliyebadilishiwa miwani mara tatu katika miaka miwili, na kila mara aligombezwa kana kwamba ni kosa lake.

Ugonjwa kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe. Unaendelea kwa miaka, halafu kwa watu wengi unapunguza kasi wakifika miaka 30 au 40, kwa sababu konea hukakamaa yenyewe mtu anavyozeeka. Maana yake ni kwamba hatari kubwa iko katika umri wa shule, na kadiri unavyoanza mapema ndivyo unavyokwenda mbio. Haujaenea sawa kila nchi. Uholanzi watafiti walikadiria mwaka 2016 kwamba una mtu mmoja katika kila 375. Huko Riyadh, Saudi Arabia, watoto na vijana waliokuja hospitali kwa shida nyingine kabisa walipopimwa konea kwa mashine, mtu mmoja katika kila 21 alikuwa nao. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018. Wengi wao hawakuwa wakijijua.

Mkono ndio adui

Kabla hatujafika kwenye mwanga na vitamini, lazima tuzungumze juu ya kufikicha macho. Hili liko ndani ya uwezo wetu hapa hapa, bila rufaa na bila shilingi.

Mtu anayefikicha macho kwa vifundo vya vidole anaisugua na kuiminya ile konea nyembamba, mara kumi, mara hamsini kwa siku, miaka nenda rudi. Kwa mwenye nyuzi dhaifu ni sawa na kuusukuma ukuta ambao tayari unavimba. Madaktari wamekubaliana kwamba kufikicha macho ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoambatana na ugonjwa huu. Urithi pia unahusika, kwa hiyo mwenye kaka au mzazi aliyeugua anatakiwa kupimwa mapema, na watoto wenye ugonjwa wa Down hupatwa zaidi kuliko wengine. Damu ya ukoo hatuwezi kuibadilisha. Mkono tunaweza kuuzuia.

Kwa nini watoto wanafikicha? Kwa sababu macho yanawasha. Barabara zetu ni za vumbi, jiko la kuni liko pale pale tunapolala, na kiangazi upepo hautulii. Kuna ugonjwa wa mzio wa macho unaowapata watoto katika nchi zenye joto, wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 10. Macho yanakuwa mekundu au ya kahawia chafu, yanatoa ute mweupe unaovutika kama uzi, na mtoto anakimbia mwanga. Mtoto wa namna hii hafikichi kwa tabia mbaya. Anafikicha kwa sababu hawezi kuvumilia. Na kufikicha kwenyewe kunaamsha kemikali zinazoleta mwasho zaidi, kwa hiyo akimaliza tu anataka kuanza tena. Kumchapa mikono hakusaidii kitu.

Kinachosaidia ni kutuliza mwasho. Mnawishe uso kwa maji safi ya baridi mara kadhaa kwa siku. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya baridi, kikawekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano, kinatuliza vizuri zaidi ya mkono. Mkeka na blanketi vitolewe juani na kukung'utwa mbali na mtoto. Jikoni akae upande usioelekea moshi. Kisha aje kituo cha afya, kwa sababu yapo matone ya kuzuia mzio ambayo anaweza kuyatumia kwa muda mrefu kwa usalama.

Hapa kuna onyo kubwa. Madukani kunauzwa matone mengine ambayo yanaondoa wekundu na mwasho kwa siku moja, na akina mama wanayapenda kwa sababu hiyo. Mengi yana dawa ya jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya kuua bakteria katika chupa moja. Si sumu, na madaktari wenyewe wanayatumia, lakini kwa siku walizohesabu na huku wakipima presha ya jicho. Mtoto akitiliwa mwezi baada ya mwezi bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda na kuua mshipa wa kuona, au akapata mtoto wa jicho akiwa bado mdogo. Upofu wa presha ya macho haurudi. Soma jina lililo kwenye chupa, na kama hulielewi, njoo nayo kituoni tukusomee.

Sasa hiyo tiba ya mwanga

Katika miaka ya 1990, katika mji wa Dresden nchini Ujerumani, daktari Theo Seiler na wenzake Eberhard Spoerl na Gregor Wollensak walikuwa wakitafuta njia ya kuikaza konea iliyolegea. Walikuwa na dalili mbili za kuwaongoza. Kwanza, ilijulikana kwamba wagonjwa wa kisukari hawapati sana keratokonasi, kwa sababu sukari nyingi mwilini hufunga nyuzi za kolajeni zikashikana. Pili, inasimuliwa kwamba Seiler alikuwa kwa daktari wa meno, akaona jinsi dawa ya kuziba jino inavyogandishwa kwa kumulikwa taa, akajiuliza kama jambo la namna hiyo haliwezi kufanyika kwenye jicho.

Walichokipata ni vitamini B2, inayoitwa pia riboflavini. Ni maji ya rangi ya njano. Ikiingia ndani ya konea, halafu ikamulikwa kwa miale ya urujuanimno, ambayo ni aina ya mwanga usioonekana kwa macho, inaamsha oksijeni iliyomo na kutengeneza vifungo vipya kati ya nyuzi. Kwa mfano wetu wa nyumba, ni kurudi kwenye ukuta na kuongeza kamba mahali ambapo fundi hakufunga. Kwa sababu hiyo tiba inaitwa krosilinki, yaani kuunganisha nyuzi kwa nyuzi.

Mwaka 2003 walitoa matokeo ya macho 23 ya wagonjwa 22. Ugonjwa ulisimama katika macho yote yaliyotibiwa, na katika macho 16 konea ilirudi nyuma kidogo. Tangu hapo tiba imeenea duniani. Marekani waliiruhusu rasmi mwaka 2016.

Inafanywa hivi. Mgonjwa analala chali, anatiwa matone ya ganzi. Hachomwi sindano, jicho halipasuliwi, na kwa kawaida halazwi. Daktari anaondoa kwa upole ngozi nyembamba ya juu ya konea, upana wa kama milimita 8 au 9, kwa sababu ngozi hiyo inazuia vitamini isipenye. Kisha anatiwa matone ya riboflavini kila baada ya dakika chache kwa muda wa dakika 30, mpaka konea nzima inywe. Halafu taa maalumu inawashwa juu ya jicho kwa dakika nyingine 30, huku matone yakiendelea. Hiyo ndiyo njia ya Dresden. Siku hizi zipo taa zenye nguvu zaidi zinazomaliza kwa dakika 10 au pungufu. Mwishoni anawekewa lenzi laini kama bandeji, anapewa matone, anaenda nyumbani.

Siku mbili tatu za kwanza zinauma. Kijana wetu anasema alihisi kama mchanga wa moto, na machozi hayakukauka usiku kucha. Ngozi ya juu inaota tena baada ya siku tatu mpaka tano, lenzi inaondolewa, na maumivu yanakwisha. Ila kuona kunakuwa kama kwenye ukungu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo miwani mpya haipimwi mara moja. Inasubiriwa miezi.

Jambo ambalo watu hawalielewi, na ambalo nadhani ndilo muhimu kuliko yote katika makala hii, ni kwamba krosilinki hairudishi macho. Inazuia yasizidi kuharibika. Wapo wanaopata nafuu kidogo ya kuona, lakini hiyo si ahadi. Ukuta uliovimba ukiufunga kamba unabaki ulivyovimba, ila hauanguki. Ukimpeleka mtoto akiwa bado anasoma ubao kwa miwani, atabaki anasoma kwa miwani. Ukisubiri mpaka asiweze, utakuwa umezuia upofu nusu, na nusu yake umeiacha ndani. Ndiyo maana tunahesabu miezi.

Faida ya kuwahi imepimwa. Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, vijana 60 wa miaka 10 mpaka 16 ambao ugonjwa wao ulikuwa unaendelea waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifanyiwa krosilinki, lingine lilipewa matunzo ya kawaida ya miwani na lenzi. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 7 tu ya waliotibiwa kwa mwanga, na kwa asilimia 43 ya wale wengine. Huko Oslo, Norway, walihesabu wagonjwa wa keratokonasi waliolazimika kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Walilinganisha miaka 2005 na 2006, kabla tiba haijaanza pale, na miaka 2013 na 2014. Idadi ilishuka hadi chini ya nusu.

Kupandikizwa konea ni operesheni nzuri, na imekuwapo tangu mwaka 1905, lakini inahitaji konea ya kutolewa, mishono ya uzi mwembamba kuliko unywele, na kurudi kliniki kwa miaka. Kwa mtu anayeishi kambini, ambaye kila safari ya nje ina barua yake na nauli yake, kuepuka operesheni hiyo ni jambo kubwa.

Kwa nini si vidonge na jua

Vidonge vya vitamini B ukivimeza vinasambaa mwili mzima, na kisichohitajika kinatoka kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo unakuwa wa njano sana siku unayovimeza. Kinachofika kwenye konea ni kidogo mno. Ukikiponda kidonge ukakitia jichoni, ambalo tafadhali usilifanye, ile ngozi ya juu inazuia dawa, na chenga zinakwaruza.

Jua nalo halina kipimo. Taa ya hospitali inatoa mwanga wa aina moja, kwa nguvu iliyopimwa, kwa dakika zilizohesabiwa, na ile riboflavini iliyojaa kwenye konea inaumeza mwanga kabla haujafika ndani. Hata hivyo daktari hupima kwanza unene. Kwa njia ya Dresden, konea iliyo chini ya mikroni 400, yaani sehemu nne za kumi za milimita, haimulikwi hivi hivi, kwa sababu mwanga unaweza kuua chembe za safu ya ndani ambazo hazizaliwi upya. Ikiwa wenye vipimo na mashine wanaogopa, sisi wenye kidonge na jua la saa tatu tunapata wapi ujasiri?

Hata kwa utaratibu wa hospitali tiba ina hatari zake. Jicho lililoondolewa ngozi linaweza kuingiwa na vijidudu kabla halijapona, na wapo wanaobaki na kovu hafifu. Mtu aliyewahi kupata malengelenge ya hepesi jichoni anatakiwa aseme mapema, kwa sababu mwanga huo unaweza kuyaamsha. Mama mjamzito kwa kawaida huambiwa asubiri.

Na tusichanganye na kidonda cha jicho

Wengine wameuliza kama mwanga huo unatibu kidonda kwenye konea, ile hali ambapo mtu anachomwa na jani la muhindi au majani ya mtama, na siku ya tatu jicho linakuwa jekundu lenye doa jeupe. Swali ni la maana, kwa sababu madaktari nao walilijaribu. Nchini India wagonjwa 111 wenye vidonda vya fangasi walifuatiliwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Walioongezewa krosilinki juu ya dawa hawakupona vizuri zaidi, na hata kuona kwao kulikuwa na mwelekeo wa kuwa kubaya zaidi. Kwa kidonda cha fangasi, basi, tusiisubiri taa.

Na vidonda vya huku kwetu vingi ni vya fangasi. Kati ya Desemba 2016 na Machi 2018 watafiti walifuatilia wagonjwa 313 wa vidonda vya konea waliofika hospitali za kusini mwa Uganda, Mbarara ikiwamo. Zaidi ya nusu walikuwa na fangasi. Na karibu 60 katika kila 100 walikuwa wametumia kwanza dawa za kienyeji jichoni: maji ya majani, maziwa ya mama na mengineyo. Siwadharau wazee wetu, kwani nimelelewa na bibi aliyejua majani ya kila ugonjwa. Lakini jicho lenye doa jeupe linahesabiwa kwa siku, na majani yanaongeza vijidudu. Ukiumia jicho shambani, njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

Tufanye nini hapa tulipo

Mashine ya krosilinki haipo kambini. Ipo katika hospitali kubwa za mijini, na bei yake ni ya juu kwa mtu wa mgawo. Ni vizuri kusema ukweli kwamba rufaa za wakimbizi huangalia kwanza wale ambao maisha yao yako hatarini, na mwenye keratokonasi anaweza kusubiri. Lakini anayesubiri akiwa ameandikwa na kupimwa ni tofauti na anayesubiri nyumbani bila mtu kujua. Jina likiwamo kwenye daftari la macho, na vipimo viwili vikionyesha kwamba ugonjwa unakwenda mbele, daktari ana hoja ya kuandika. Bila vipimo hana.

Kutambua hakuhitaji mashine ya gharama. Sisi wahudumu tunayo kadi ya herufi na kadi yenye tundu dogo. Mtoto asiyesoma kwa macho matupu lakini anasoma akichungulia kwenye tundu, shida yake ina dalili ya kuwa kwenye umbo la jicho, na tunampeleka kwa mpima miwani. Mpima miwani mwenye uzoefu, kwa tochi yake maalumu tu, anaona mwanga ndani ya jicho ukifunguka na kufunga kama makali ya mkasi. Hiyo ni dalili kubwa. Wewe nyumbani unaweza kuangalia jambo moja: mwambie atazame chini, usimame nyuma yake kidogo ukitazama kutoka juu. Kama kope la chini linasukumwa na kuchongoka kama herufi V, ugonjwa umeshakwenda mbali. Mwenye afya kope lake linafuata mviringo. Na kama jicho la mtu ambaye tayari ni mgonjwa linageuka jeupe ghafla kama wingu, lina maumivu na machozi, maji yamepenya ndani ya konea. Mlete bila kungoja siku ya kliniki.

Zipo pia lenzi ngumu zinazowekwa juu ya jicho. Hazizuii ugonjwa, ila zinampa mgonjwa uso laini wa kuonea, na wengine wanashangaa jinsi wanavyosoma vizuri. Kwa maisha yetu zina kazi. Zinaoshwa kwa dawa yake kila siku, mikono iwe safi, na kamwe zisioshwe kwa maji ya ziwa, ya bomba au kwa mate. Mwenye mzio ambao haujatulia hazimfai kwa sasa.

Mbarara kuna idara ya macho katika hospitali ya rufaa, na kuna Kituo cha Macho cha Ruharo. Watu wa kwetu hupelekwa huko kupimwa macho kwa barua ya kituo cha afya. Usiende bila barua ukidhani ni njia ya mkato, maana unaweza kurudishwa na nauli imekwisha.

Siku utakayomleta mtoto, njoo na miwani yake yote ya zamani, hata iliyovunjika, pamoja na karatasi za vipimo vya nyuma kama bado zipo. Watu wengi wanazitupa au wanawapa wadogo zao. Daktari anazihitaji, kwa kuwa miwani ya mwaka jana na ya mwaka huu zikipimwa pamoja zinaonyesha jicho limesogea kiasi gani. Kama karatasi iliungua au ililowa mvua, sema imepimwa kituo gani na mwezi gani, tutakwenda kuitafuta kwenye daftari lao.